Kuisoma Nyika ya Juu ya Masaba: Mwongozo wa Vichaka na Nyasi za Mlima Elgon

Asubuhi ya Januari, kabla vumbi la barabara halijapanda, simama penye uwazi pale Myanga, Bungoma, utazame kaskazini. Mlima wote utauona: mgongo mrefu, mpana, usio na ncha. Wabukusu na Wagisu huuita Masaba. Ramani huuita Elgon, jina linalotokana na Wakony, ambao ni sehemu ya Wasabaot. Wengi wetu tumeutazama tangu utotoni na hatujawahi kufika juu. Tumesikia habari za mapango, za ndovu wanaochimba chumvi katika pango la Kitum, na za baridi. Lakini juu ya msitu, kuanzia kama mita 3,000, kuna nchi nyingine kabisa, isiyo na shamba la mahindi wala mti wa kivuli. Kuna vichaka vya kijivu, nyasi zilizosimama kwa mashungi, na mimea ambayo ukimchorea mtoto atadhani umeiota.

Mwongozo huu unakupeleka huko ukiwa na daftari. Sitakupa orodha ya majina mia moja uyakariri. Anayejua majina peke yake ni kama mgeni katika soko la Chwele aliyekariri majina ya wauzaji, lakini hajui kwa nini wa kuku wamekaa huku na wa vitunguu kule. Mimea nayo hukaa kwa mitaa, na kila mtaa una sababu yake. Juu ya Masaba sababu hizo ni nne: baridi, maji, moto na ng'ombe. Ukizielewa hizo nne, mlima unasomeka.

Chagua wakati na njia

Nenda kati ya Desemba na Februari, mvua zikiwa zimepungua. Kuanzia Machi au Aprili njia za juu hugeuka tope, na ukungu huzima kila kitu unachotaka kukiona. Ubaya wa kiangazi ni moto, nao tutauzungumza baadaye.

Njia ya kwanza ni ya Kitale. Kutoka Myanga fika mjini Bungoma, pitia Chwele na Kimilili hadi Kitale, kisha shika barabara ya Endebess hadi lango la Chorlim. Lango hilo liko kilomita 27 hivi kutoka Kitale, nalo ndilo mlango mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968 na yenye kilomita za mraba 169. Kutoka hapo barabara ya gari hupanda msituni hadi Koroborte, karibu mita 3,500, na kutoka Koroborte unatembea kwa miguu kuelekea Koitobos, kilele chenye kichwa bapa, mita 4,222. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen. Bei hubadilika, kwa hiyo zitazame wiki ileile unayosafiri.

Njia ya pili ni ya Kimilili na Kapsokwony, inayopanda hadi Chepkitale. Huko ni nyumbani kwa Waogiek, ambao wamechunga ng'ombe katika nyasi za juu kwa vizazi vingi na kuondolewa huko zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kesi ya ardhi hiyo kwa upande wao. Kwa hiyo ukienda kwa njia hii unaingia boma la watu. Piga hodi kwanza, zungumza na wazee, na umchukue kijana wa pale akuongoze. Majina ya mimea atakayokupa kwa Kiogiek yana thamani kuliko mengi utakayoyasoma vitabuni.

Kwa njia yoyote, usipite msituni peke yako. Nyati na ndovu wako humo. Omba askari wa wanyamapori au kiongozi wa njia.

Beba vitu hivi

Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400, na Koitobos iko juu ya 4,200. Piga hesabu: kileleni ni baridi kuliko nyumbani kwa nyuzi 16 au 17, na hiyo ni mchana. Usiku maji yaliyobaki kwenye sufuria huganda. Beba sweta mbili, koti la mvua, kofia, glavu na viatu vya kushika tope. Jua la juu nalo huunguza hata penye ubaridi, basi usisahau kofia yenye ukingo.

Kwa kazi ya mimea beba daftari na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino huharibika ikinyeshewa. Beba kamba mbili, moja ya mita 4 na nyingine ya mita 20, na simu yenye programu ya kupima mwinuko. Lenzi ndogo ya kukuzia itakufaa sana. Lala usiku mmoja chini ya mita 3,000 kabla ya kupanda zaidi. Kichwa kikikuuma sana au ukianza kutapika, shuka. Hakuna dawa ya kileleni inayoshinda kushuka.

Mtaa kwa mtaa, kutoka chini

Mwaka 1951 mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliyekuwa amezunguka milima ya Afrika Mashariki miaka michache kabla, aliigawa mimea ya milima hiyo katika mikanda mitatu: msitu, vichaka vya erika, na nchi ya juu kabisa karibu na vilele. Mgawanyo huo bado unatumika. Uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu uutilie mashaka kila unapokanyaga.

*Msitu.* Mpaka kama mita 2,500 utapita chini ya podo, mitarakwa, na ule mzeituni wa porini unaojulikana kwa wafanyabiashara wa mbao kama teak ya Elgon. Juu yake, hadi mita 3,000, huja mianzi. Lakini usishangae ukipanda kutoka Chorlim na kuiona michache tu. Upande wa mashariki ni mkavu, na mianzi hupenda pande za kusini na magharibi zinazopata mvua zaidi. Hili ni somo lako la kwanza: mwinuko peke yake hautoshi kueleza nani anakaa wapi.

*Ukingo wa msitu.* Miti inapoanza kufupika utakutana na Hagenia abyssinica, mti wenye shina linalobambuka magamba mekundu na vichala vya maua vinavyoning'inia. Kwenye matawi utaona nyuzi za kijivu kama ndevu za mzee. Hizo ni dalili kwamba ukungu hupita hapa mara nyingi, na nyuzi hizo hunywa maji yake hewani. Hapa pia, kandokando ya njia na mahali palipofyekwa au kuchungwa, tafuta kichaka cha kijivu chenye majani yaliyochanika kama unyoya, kinachofika kimo cha mtu. Fikicha jani moja ulinuse. Harufu ni kali, na ukilionja ni chungu ajabu.

Hiyo ni pakanga ya mlimani, Artemisia afra. Kila aliyesoma Ufunuo katika Biblia ya Kiswahili amekutana na neno pakanga, jina la ile nyota iliyotia maji uchungu. Ndugu zake wametapakaa dunia nzima. Magharibi mwa Marekani kuna nyanda za juu zinazofunikwa na pakanga ya huko, Artemisia tridentata, maili kwa maili, nyasi zikiota katikati. Anayezijua nyanda zile akifika Masaba atatambua mpangilio: vichaka vya kijivu, nyasi za mashungi, na udongo mtupu unaoonekana katikati. Tofauti ni kwamba wao wana theluji ya miezi kadhaa kisha kiangazi, nasi tunapata baridi ya kuganda usiku na jua kali mchana, mwaka mzima.

Watu wetu huchemsha majani ya pakanga kwa kikohozi, homa na minyoo. Neno la tahadhari: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya jamii hii ya mimea kutibu au kuzuia malaria. Homa ikikushika, kapimwe. Mjamzito asiinywe kabisa.

*Vichaka vya erika.* Kati ya mita 3,000 na 3,500 unaingia mtaa wa erika. Majani yake ni madogo kama sindano, maua yake kama kengele ndogo zisizozidi punje ya mchele. Penye unyevu na palipoepukwa na moto, erika huwa mti kamili, mashina yamepinda na kuvaa kuvu na ndevu za kijivu. Penye ukavu au palipoungua ni kichaka cha kiunoni. Chini yake utaona helikrisamu, maua makavu kama karatasi ambayo hayanyauki hata ukiyachuma, na kandokando ya vijito maua ya Kniphofia, mekundu na ya machungwa, yaliyosimama kama mienge.

*Nyasi na majitu.* Juu ya mita 3,500 vichaka vinapungua na nyasi zinatawala. Kubwa yao ni festuka, nyasi ngumu inayoota kwa shungi. Usilikanyage shungi kama nyasi za uwanja wa mpira. Ukilifumbua utaona majani mengi makavu ya miaka iliyopita yamezunguka machipukizi mabichi ya katikati. Makavu hayo ndiyo blanketi. Kati ya mashungi kumetandazwa alkemila, mmea mfupi wenye majani ya viganja yanayoshika umande kama lulu.

Hapa ndipo wanaposimama senesio wakubwa, Dendrosenecio elgonensis, ambao duniani kote huota katika mlima huu tu. Shina nene, kichwa cha majani makubwa juu, na majani yaliyokufa yakiwa bado yamelifunika shina kama koti la zamani lisilovuliwa. Usiyang'oe! Ukilivua shina majani hayo, baridi ya usiku huweza kugandisha maji yaliyo ndani yake, na asubuhi jua likichomoza mmea una kiu wala hauwezi kunywa. Ukiwa na subira, amka saa kumi na moja alfajiri uone jinsi majani mabichi yalivyojikunja kulinda chipukizi la katikati. Saa tatu yatakuwa yamefunguka.

Jirani yake ni lobelia. Lobelia telekii hukaa miaka mingi kama kichwa cha majani ardhini, kisha hupandisha mnara mmoja wa maua uliofunikwa nywele za kijivu, huzaa mbegu na kufa. Lobelia elgonensis huhifadhi maji kati ya majani yake, na maji hayo hukinga moyo wa mmea usigande. Ndege wa jamii ya chozi ndio wahudumu wa maua haya. Simama kimya dakika kumi utawaona.

*Karibu na vilele.* Unapoikaribia kaldera, lile bonde kubwa la juu lililobaki volkano ilipobomoka, udongo mtupu unaongezeka. Usiku maji ya udongoni huganda kama sindano na kuinua ardhi, mchana huyeyuka na ardhi hukaa tena. Mche mdogo hung'olewa kabla haujashika mizizi. Hapo hubaki mimea iliyojilaza kabisa, majani yamebanwa ardhini kama sahani.

Pima kwa kamba

Kutazama ni kuzuri, ila macho hupenda vya kupendeza na kusahau vya kawaida. Kamba haipendelei. Funga ncha za kamba ya mita 4, tia fundo kila mita moja, na una mraba wa mita moja kwa moja kwa ajili ya nyasi. Kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita 5 ni ya vichaka. Toka njiani hatua ishirini, kwa sababu ukingoni mwa njia kumekanyagwa na kuletwa mbegu za chini. Chagua mahali pa sura moja, si nusu bonde na nusu kilima, kisha tandaza.

Andika kwanza mwinuko, mteremko unaelekea wapi, ardhi ni kavu au yabubujika maji, kuna mkaa, kuna kinyesi cha ng'ombe au cha mnyama wa porini. Kisha gawa kwa ghorofa: vichaka virefu, vichaka vifupi, nyasi, na kuvu la ardhini. Kwa kila mmea kadiria umefunika kiasi gani cha mraba. Wataalamu hutumia vipimo vya Mswisi Josias Braun-Blanquet, navyo ni rahisi: 1 ni chini ya asilimia 5, 2 ni asilimia 5 hadi 25, 3 ni 25 hadi 50, 4 ni 50 hadi 75, na 5 ni zaidi ya 75. Mmea uliouona mara chache tu, mdogo, uwekee alama ya kujumlisha. Usishtuke jumla ikizidi asilimia 100. Ghorofa hufunikana.

Fanya miraba mitatu katika kila mtaa. Mmoja huenda ukawa bahati, miwili huenda ikabishana, wa tatu huamua.

Kama hujui jina, lipe mmea jina lako la muda, "kijivu chenye nywele", na uupige picha ya jani, ua na shina. Muulize kiongozi wako jina la kienyeji na uliandike jinsi alivyolitamka. Kwa Wakalenjin nchi hii ya juu na ya baridi ni *mosop*, na ya chini yenye joto ni *soi*. Lugha iliyotenga maneno mawili kwa hizo mbili haikosi mengine ya yanayoota ndani yake.

Soma dalili nne

*Baridi.* Utaona jambo la kushangaza: vichaka viko kwenye vilima na miteremko, na chini bondeni ni nyasi tupu. Tumezoea kudhani bondeni ndiko kwenye joto. Usiku hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Erika haiwezi kulala humo. Shungi la festuka linaweza.

*Maji.* Ardhi ikibonyea chini ya kiatu na nyasi zikiwa na mashina ya pembetatu badala ya mviringo, uko kwenye tingatinga. Udongo ni mweusi, umejaa mimea isiyooza vizuri kwa sababu ya baridi na maji. Hii ndiyo sifongo inayopokea mvua na kuitoa kidogokidogo. Upande wa Nzoia maji yake huishia Ziwa Victoria, na mto Suam unaotoka kalderani huenda hadi Turkwel na Ziwa Turkana.

*Moto.* Inama uangalie mguu wa erika. Ukiona kisiki cheusi kilichozungukwa na machipukizi, moto ulipita na erika imefufuka kutoka kwenye mizizi. Vichaka vyote vikiwa na kimo kimoja, vilizaliwa upya siku moja. Pakanga kubwa ya Marekani haina bahati hiyo, kwani ikiungua hufa na lazima ianze na mbegu. Hata hivyo erika nayo ina mpaka wake. Moto ukirudi kila mara kabla haijajenga nguvu, nyasi huchukua nafasi. Mingi ya mioto hii huwashwa na mtu: mrina asali aliyeacha moshi wake, mchungaji anayetaka majani mabichi, mpanda mlima na jiko lake.

*Ng'ombe.* Wanapochungwa sana mashungi hufupika, alkemila na nyasi za kujilaza hutanda kama zulia, na vile ambavyo ng'ombe huvikwepa, helikrisamu na pakanga chungu, huongezeka. Lakini usikimbilie kulaumu. Malisho ya kadiri hupunguza nyasi kavu ambazo zingekuwa kuni za moto. Hesabu kwanza, hukumu baadaye.

Tuseme mraba wako karibu na mita 3,400 umetoa hivi: festuka 3, helikrisamu 2, alkemila 2, erika alama ya kujumlisha ikiwa chipukizi la kimo cha kiganja, mkaa upo, kinyesi kikavu kipo. Soma: hapa palikuwa na vichaka, vikaungua, ng'ombe wakaja kwenye machipukizi, na erika inajaribu kurudi. Ukiipata erika ya 3 na hakuna mkaa, moto haujafika hapo siku nyingi. Umesoma miaka kadhaa ya mlima kwa kamba ya mita chache.

Usifanye haya

Usichume lobelia wala senesio kwa ajili ya picha au zawadi. Usiwashe moto juu ya mstari wa miti, tumia jiko la gesi. Usikate njia mpya katika tingatinga, kwa kuwa nyayo za leo ni mfereji wa kesho. Ukiingia pangoni, kumbuka kwamba maambukizi ya virusi vya Marburg yaliyotokea mwaka 1980 na 1987 yalihusishwa na pango la Kitum, basi usishike popo wala kinyesi chao. Na usivuke kuelekea Wagagai, kilele kikuu cha mita 4,321, bila ruhusa, kwani kiko Uganda.

Ukishuka, nakili daftari lako mara mbili. Nakala moja mpelekee mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu nawe, au mzee aliyekupokea Chepkitale. Nyingine ihifadhi pakavu, ikiwa na tarehe, mwinuko, na alama ya jiwe lililo karibu na kila mraba. Ziara moja hukuonyesha mitaa ilipo. Haikuonyeshi inakohamia. Kwa hiyo Januari ijayo rudi kwenye mawe yaleyale, na kamba ileile.